Abiria wa Kikapu

Kitu cha kwanza Marthe alichokiona asubuhi hiyo kilikuwa fundo. Mzigo wa Shangazi Adolphine ulikaa kando ya mlango, umefungwa kwa safari. Jumatatu ulikuwa na mafundo matatu ya kukaza. Leo, Alhamisi, lilibaki moja, nalo legelege.

Kisha kelele ikatoka ndani.

"Batoto! Nani ameegesha lori ndani ya kiatu yangu?"

Raphaël wa miaka saba na mdogo wake Constance wakatoka mkekani wakipepesuka kwa usingizi. Gari la kopo la sardini lilikuwa kweli ndani ya kiatu cha shangazi. Ng'ombe wa udongo walikuwa chini ya meza, mitumbwi ya mgomba imejaa kizingitini, na wanasesere wa magunzi wamelala chali katikati ya chumba kama walevi wa Jumapili. Jana jioni vyote viliingia kikapuni. Kila mtu aliona.

"Si mimi!"

"Mi nililala! Ni mbuzi ya Baba Alphonse!"

"Mbuzi anajua kuegesha lori?" shangazi akauliza, mikono kiunoni.

Marthe alipiga magoti, akaanza kuokota vitu vya wanawe. Alikuwa mtu wa haya. Aliinamisha uso na mabega yake yalitetemeka.

Mume wake Norbert ndiye aliyemwita shangazi huyu, dada yake mkubwa, kutoka Lulimba. Norbert alikuwa mvuvi, mtu wa maneno kumi kwa siku, na tisa aliyaacha ziwani. Siku dada yake alipofika alijitahidi: "Dada, batoto hawajui kupanga bitu byao. Ubafundishe." Akabeba nyavu, akarudi kambi ya wavuvi.

Shangazi alikuja kwa siku tatu, na sheria moja. "Siku nitaamka nikute hii nyumba safi, siku hiyo napanda lori, narudi kwangu. Kule kwangu iko safi. Nikiweka kijiko chini leo, mwaka ujao nitakikuta pale pale."

Sasa ilikuwa wiki ya tatu.

Si kwamba hakujua kufundisha. Kila jioni aligeuza kikapu kuwa lori, yeye mwenyewe akawa dereva, honi na abiria wanene. "Lulimba! Lulimba! Wa hapa Mboko washuke, wa Lulimba wapande! Wewe ng'ombe, umelipa? Panda nyuma! Wewe mama wa gunzi, funga kitambaa, tunaondoka!" Watoto walikimbia na vitu vyao mikononi, wakavipakia kikapuni, wakidondoka kwa kicheko. Shangazi aliunguruma, akazima mlimani, akataka kusukumwa. Marthe, ambaye kanisani hata wimbo aliuimba kwa midomo tu, alikuwa akisukuma naye, akicheka mpaka anashika ukuta.

Chumba kikabaki safi kabisa. Asubuhi, vurugu tena.

"Pole, dada," Georgette jirani alimwambia Marthe walipokutana njia ya ziwani. "Ndugu ya bwana wiki tatu ndani ya nyumba! Utapumua lini?"

"Labda kesho," Marthe alijibu, akatwika mtungi wake. Kesho ilikuwa Ijumaa, siku ya lori la Lulimba.

Lakini Alhamisi hiyo shangazi alikuwa amechoka kuchekwa na wapita njia kwa vurugu isiyoisha. Alisimama mbele ya jiko, akainua mwiko.

"Munisikilize. Kesho nikikuta hata gunzi moja chini, byote binaingia motoni. Nakaangia samaki ya mugebuka!"

Constance akaacha mdomo wazi. Raphaël akakumbatia gari lake la kopo, ambalo alilitengeneza kwa siku nne na misumari ya kuokota.

Jioni hiyo lori la kikapu liliondoka bila abiria kucheka. Raphaël alikifunga kikapu kwa kamba, akaizungusha mara saba, kisha akamnong'oneza mama yake: "Mama, hivi bitu biko na miguu?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi nani anatutafutia matata?"

Marthe alimpangusa mtoto machozi kwa ncha ya kitenge, akaapa moyoni kwamba kesho kikapu kile kitaamka kama kilivyolala, hata ikiwa lori litamchukua shangazi.

Siku zote yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuamka, akachukue maji kabla majogoo hawajamaliza kuwika. Alfajiri ya Ijumaa mtungi ulibaki mahali pake. Marthe alijibanza nyuma ya pazia la chumba, macho kwenye kikapu.

Hakungoja sana. Mtu alitambaa kutoka upande wa pili, mzito, anapumua kwa pua. Akashika kamba. Fundo likakataa. Akalifungua kwa meno.

Akamtoa ng'ombe mmoja, akamlaza chini ya meza kwa uangalifu, kama anamlaza mtoto. Akamtoa wa pili. Akatafuta mahali pa kumweka, akainama zaidi, na mwanga wa mlangoni ukamwangukia usoni.

"Shangazi?"

Shangazi Adolphine aliganda, ng'ombe wa udongo mkononi.

"Ilikuwa bitisho tu! Mimi kuchoma bitu ya batoto?" alinong'ona, jasho likimtoka. "Lakini jana niliwaona wameogopa, nikajua leo nitakuta safi, na lori linakuja... Ni leo tu, Mama Raphaël! Kweli ya Mungu, ni leo peke yake. Zile siku zingine haikuwa mimi!"

Marthe akachuchumaa kando yake. Akazuia kicheko kwa ncha ya kitenge, watoto wasiamke.

"Najua, shangazi. Zile siku zingine ilikuwa mimi."