Nishani Yangu Ina Ulimi

Siku hizi nishani ya ushujaa husema. Ukiigusa, husimulia vita kwa sauti ya mwenye nayo, na neno lake ndilo linaloaminiwa. Yangu watu wa jeshi waliipigilia wenyewe ukutani, sebuleni kwangu.

Kila siku ya mashujaa huja Otilia, mjane wa Ngonyani, na bakuli la kisamvu. Ameniita shemeji tangu nilipomsimamia mumewe harusini. Huigusa nishani asikie jinsi Ngonyani alivyonibeba mgongoni risasi zikivuma, akafa yeye, nikapona mimi.

Jana aliigusa.

"Ngonyani alitukimbia," ikasema kwa sauti yangu. "Nilibaki kupigana peke yangu."

"Uongo!" niliruka. "Shemeji, wameibadilisha! Mimi sijasema hivyo!"

Nishani ikakohoa, kikohozi changu kabisa. "Nisamehe, shemeji. Nilikuficha miaka yote nisikuumize."

Otilia aliutazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Akalichukua bakuli lake, halijafunuliwa hata kifuniko.

"Bora ungeendelea kunificha, afande," akasema mlangoni.

Kabla sijafungua mdomo, ukuta ukamjibu: "Karibu tena, shemeji."