Mashine Iliyopona Kupita Kiasi

"Umeniharibia mashine," alisema Kifaru, akaibwaga mezani ile mashine ya boti kama anayetua gunia la viazi. "Haitikisiki tena."

Fundi Sikio alidhani hakusikia vizuri, na kwake hiyo ilikuwa aibu, maana jina lile alipewa kwa ajili ya masikio yake. Mashine ikinguruma tu alishajua plagi imechoka au kabureta ina uchafu. Juu ya mlango wa karakana alikuwa ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: IKITOKA HAPA HAIRUDI.

Na hii ilikuwa imerudi.

"Kutotikisika ndiko uzima wake, kijana wangu. Ilikuja hapa inakohoa kama mbuzi aliyemeza kamba. Nimeisafisha, nimetoa ile propela yako iliyomeguka panga, nimekufungia nzima. Sasa inateleza majini."

"Ndiyo shida yenyewe. Inaruka. Mimi sitaki iruke."

"Watu wananilipa ili boti zao ziruke!"

"Irudishe ilivyokuwa, mzee. La sivyo kila mtu gatini atajua ulivyonifanyia."

Kifaru alikuwa amehamia ufukweni karibuni tu, na watu walimpa jina hilo kabla hajamaliza kushusha vyombo. Hakuna aliyethubutu kumtania. Leo macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha jikoni akipuliza kuni mbichi, na begani alikuwa na doa jeupe lililokauka, kama unga. Fundi aliliona lile doa.

"Propela ni kama kiatu," alisema, akijikaza. "Mzigo mzito unataka mapanga yaliyojipinda kidogo, boti iende taratibu lakini isukume. Mzigo mwepesi unataka yaliyojipinda sana, ikimbie. Wako ni upi?"

Kifaru aligeuka kutazama mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwepesi. Lakini mkorofi."

Fundi akamfungia ya mwendo wa taratibu. Kesho yake mashine ikarudi.

"Inaenda polepole, sawa. Lakini imetulia mno. Mzigo umekataa."

"Mzigo unakataaje?"

"Umekataa, mzee. Nikuambieje tena?"

Akamfungia ya mapanga mawili. Ikarudi. Akamfungia ya mapanga manne, aliyoitunza miaka mingi kama pambo. Nayo ikarudi. Pale nje Mama Petroli, aliyeuza mafuta ya boti, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Fundi, hilo bango lako ligeuze, labda nyuma yake kuna maneno ya kweli!"

"Cheka tu, mama. Siku yako inakuja."

Mama Petroli akasogea, akapunguza sauti. "Lakini yule mtu simwelewi. Kila mchana ananunua mafuta, anazunguka ghubani pale pale, turubai limefunika nusu ya boti. Havui. Hashushi kitu. Anarudi kwake."

Fundi aliingia ndani na kukaa juu ya pipa. Magendo! Ndiyo maana ya yale macho, na lile doa jeupe. Akimkatalia, jina alilolijenga tangu ujanani litazama gatini mbele ya watu. Akimsaidia, litazama vilevile, tena mbele ya polisi.

Aliamua kwenda kujionea kwa macho yake.

Ile propela iliyomeguka alikuwa akiitumia kuzuia mlango usijifunge. Aliiokota, akaifunga kwenye mashine taratibu kwa uchungu, kama daktari anayemrudishia mgonjwa homa yake.

"Nakuja nawe," alimwambia Kifaru. "Sitoi kazi bila kuijaribu majini."

Kifaru alikuna kidevu. "Utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Na ukiona kitu, hutakwenda kunitangaza gatini?"

"Sitakutangaza," alisema Fundi, akatia spana mfukoni.

Boti ilikuwa majini nyuma ya nyumba ya Kifaru, turubai limeshatandazwa juu ya nusu ya mbele. Walipokuwa wakifunga mashine, Fundi alisikia mlio mwembamba ukitoka huko mbele, kama chuma kikisugua chuma. Masikio yake yakamwambia mara moja: beringi kavu. Kwa hiyo huyu bwana anasafirisha mashine za wizi! Akaipapasa spana mfukoni.

Kifaru akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikashika. Panga lililomeguka likaanza kazi yake, na boti nzima ikatetemeka kama ungo mikononi mwa mpepetaji. Meno ya Fundi yaligongana. Wakaingia ghubani ambako maji yalikuwa yametulia, wakazunguka, wakazunguka tena.

Ule mlio ukapungua, ukakatika.

Mabega ya Kifaru yakashuka. Uso wake ukafunguka kwa tabasamu pana, na chozi likamlenga. Fundi hakuweza kuvumilia zaidi. Akatambaa mpaka mbele, akashika pindo la turubai, akalifunua.

Mwanamke kijana alikuwa amejilaza kwenye godoro, nywele hazijachanwa, na kifuani pake kichanga kimelala fofofo, mdomo wazi, ngumi zimelegea.

Mwanamke akafungua jicho moja.

"Ndiye huyu fundi aliyeitengeneza?" alinong'ona.

"Ndiye," Kifaru alinong'ona kutoka nyuma.

"Mwambie asirudie."