Bao Lililogusa Mkia wa Ngiri

Zama zile wanyama walipocheza kandanda kwa kujifurahisha tu, Ngiri alitamani jambo moja: kutangazwa mfungaji bora wa Kombe la Bondeni. Katika fainali, Nguchiro alifunga bao, lakini aliyeshangilia kuliko wote ni Ngiri.

"Bao langu hilo!" alimfokea Pimbi, mwamuzi. "Mpira umenigusa mkia!"

"Mkia wako ulikuwa juu, kaka," alisema Nguchiro. "Mpira umepita chini."

Kabla Pimbi hajaamua, Sajini Fisi aliingia uwanjani na bunduki. "Vita vimeanza! Mfalme anataka washambuliaji. Nani kafunga bao hilo?"

Ngiri alishusha mkia. "Nguchiro, afande! Wote mmeona. Mimi ni mlinda lango tu."

Fisi alimsimamisha Nguchiro kando ya bunduki. Bunduki ikamzidi kimo. "Huyu hafai. Lakini mlinda lango! Lango la kambi yetu halina mtu tangu asubuhi."

Fainali ikavunjika. Ngiri alipokuwa langoni, bunduki begani, alimsikia Pimbi akimtangaza mfungaji bora: Nguchiro, kwa ushahidi wa Ngiri mwenyewe.