Mama Ngiri na Friji ya Safari

Ngiri mpenda ukubwa alikwenda na mkewe mwoga kuchagua friji ya safari ya porini.

“Hii inameza ng'ombe mzima, mama watoto.”

“Itamaliza betri, gari ligome, Simba aje, na watoto wetu niwafiche wapi? Chukua ndogo, baba watoto, ya maziwa tu.”

Ngiri akanunua kubwa. Asubuhi kambini gari likagoma, na Simba akaja.

Mama akafunua friji. “Shikamoo, mzee. Vinywaji baridi viko chini kabisa.”

Simba mpenda heshima akaitikia, “Marahaba,” akainama, akatumbukia. Mama akakalia kifuniko.

“Unaona faida ya kubwa?” mume akatamba.

“Naona, baba watoto. Sasa sukuma gari, mimi hapa siinuki.”