Kiti Kilichokwenda Mbele

Fundi alibonyeza kitufe cha kumbukumbu, kile kinachorudisha kiti mahali pake pa awali, akitegemea kiti cha gari la baba mkwe wake kirudi nyuma. Kikaja mbele taratibu, mpaka usukani ukamgandamiza kifua. Sasa kila akivuta pumzi, honi inalia.

Kosa alilijua palepale. Waya wa kihisi umekatika chini ya kiti, mota haijui tena kiti kilipo. Lakini magoti yalikuwa yamebanwa, na mkono haukufika chini.

Mzee akatoka nje bila haraka.

"Baba, boneti iko wazi! Legeza nati ya betri umeme ukatike, kiti kisizidi kunibana!"

Mzee akamtazama. Binti yake alikuwa amerudi kwao na begi tangu mwezi uliopita. Mkwe huyu alikuja mara kwa mara kutengeneza gari, akanawa mikono na kuondoka bila hata kumuulizia.

"Mimi na betri wapi na wapi? Anayezijua yuko ndani, ulimfundisha mwenyewe. Mwite."

"Baba, nakosa pumzi."

"Basi mwite kwa hiyo iliyobaki."

Akamwita. Mkewe akaja na spana mkononi, akasimama kando ya dirisha.

"Umefuata nini hapa?"

"Kiti cha baba..." Jasho lilimtiririka puani na hakuweza kulifuta. "Nimekufuata wewe. Turudi nyumbani."

Mkewe akaitazama boneti, kisha akamtazama yeye.

"Sikusikia," akasema. "Honi ilikuwa inalia. Sema tena."