Viatu vya Mghoi

Siku hizo kila zahanati ilikuwa na ukuta unaosikia. Mtoto akitaja mama wawili mbele yake, kadi yake ya matibabu ilifutwa papo hapo. Na Mghoi, binti wa miaka minne, alikuwa na pumu.

Ndiyo maana Kadzo na mwenzake Wakesho, waliomlea pamoja tangu azaliwe, walijiwekea utaratibu wao. Mghoi akishavaa viatu vya kutokea, mama ni Wakesho peke yake, na Kadzo ni shangazi. Wakirudi, viatu vikivuliwa mlangoni, ushangazi nao uliachwa hapohapo.

Asubuhi hiyo kifua kilimbana vibaya. Kule zahanati ukuta ukauliza kwa upole, "Mama yako nani?"

Mghoi akamwonyesha Wakesho.

"Na huyu?"

"Shangazi," akasema, pumzi zikimkatika.

Mlango ukawafungukia wawili. Kadzo alibaki nje na sweta ya mtoto mkononi, akimsikia akilia huko ndani, asiweze kwenda kumbembeleza.

Waliporudi nyumbani kifua kilikuwa kimetulia. Kadzo akapiga magoti, akamvua viatu kimoja kimoja, akavipanga, akangoja.

"Asante, shangazi."

"Tumeshafika, mwanangu. Viatu umevua."

Mghoi aliitazama sebule yao, upande huu na upande ule, kisha akamsogelea sikioni.

"Lakini hata huu ni ukuta, shangazi."