Nipime Basi

Daktari alikuwa ameshashika kitasa cha mlango Latrice alipomwomba dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI.

"Ya nini, mama? Si umeolewa?" Daktari akacheka. "Hiyo si ya watu kama wewe."

"Mume wangu ana mwanamke mwingine huko Birmingham."

"Basi zungumzeni nyumbani."

Latrice akateremka kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, miguu peku, gauni la karatasi la hospitali likichakacha mapajani. "Mwenzangu kazini naye kaolewa. Yeye ulimwandikia palepale, hata swali hukumuuliza. Yeye mzungu, mimi mweusi. Kama kuna tofauti nyingine, nitajie."

Uso wa daktari ukaiva. Akaachia kitasa. "Lazima nikupime kwanza."

"Nipime basi."

Akamchoma kidole. Tone la damu likatuna, zito, kisha likanywewa na kipimo. Latrice hakuketi. Alisimama akibana pamba kwenye kidole, akimkazia macho daktari, naye daktari akitazama ukuta.

Muda ulipotimia, daktari alikiinua kipimo, akakigeuzia kwenye mwanga. Mistari miwili, si mmoja. Akavuta kiti, akakaa.

"Umekuja na nani leo?" akauliza.